Kabla ya kufungua hadithi za Canterbury na nduguze

Anayejiandaa kusoma hadithi za Uingereza ya zama za kati hutegemea kukutana na mambo mawili: Kiingereza kigumu na wanaume waliovaa chuma. Yote mawili yapo. Ila kinachowaangusha wengi, nami nikiwamo mara ya kwanza, ni kutojua wameletewa kisa cha aina gani, hivyo wanacheka pa kusikitika na kusikitika pa kucheka. Wasimulizi wa enzi zile hawakujisifu kwa kubuni kisa kipya. Walichukua kisa kinachojulikana, wasikilizaji wakajua tangu mwanzo waketi mkao gani, kisha wakachezewa hapohapo.

Basi kwanza tafuta nakala inayokufaa. Beowulf, shairi refu la kishujaa lenye mistari 3,182, iko katika Kiingereza cha kale ambacho hata Mwingereza wa leo hukisoma kwa kujifunza upya kama lugha ya kigeni. Chukua tafsiri bila kuona haya. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka nchi, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu kwa vizazi vingi, na ndiyo sababu visa vingi vya vita na mapenzi vilivyoandikwa baadaye kwa Kiingereza vina baba Mfaransa. Geoffrey Chaucer, mtunzi wa hadithi za Canterbury aliyefariki mwaka 1400, anasomeka katika lugha yake mwenyewe ukiwa na nakala yenye maelezo ya maneno pembeni. Na hapa msemaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo Waingereza wenyewe hawana: irabu za Chaucer zinakaribiana na zetu. "Name" ilitamkwa "naame", "time" ikatamkwa "tiime", na katika "knight" k ilisikika, huku gh ikikaribia kh ya "sheikh". Soma kwa sauti. Mashairi haya yalitungiwa masikio kabla ya macho, na sentensi inayokushinda kwenye karatasi mara nyingi hunyooka mdomoni.

Jambo la pili ndilo kubwa. Mahujaji wa Chaucer wanakutana katika nyumba ya wageni iitwayo Tabard, Southwark, ng'ambo ya mto Thames kutoka London, wakielekea Canterbury kwenye kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake kuu mwaka 1170. Mwenye nyumba anapendekeza mchezo: kila mtu asimulie visa viwili kwenda na viwili kurudi, na mshindi alishwe chakula cha jioni kwa gharama ya wenzake. Kura inamwangukia naiti, mpiganaji wa farasi mwenye cheo, naye anatoa kisa kinachomstahili. Palamon na Arcite ni binamu, wafungwa katika mnara wa Athens. Dirishani wanamwona Emelye akichuma maua bustanini, na undugu ukafia pale pale. Yanafuata mashindano ya silaha, kila mmoja na wapiganaji 100 nyuma yake. Arcite anashinda, farasi wake anashtuka, anaanguka, anakufa; Palamon anaoa. Lugha ni ya fahari, mambo yanakwenda taratibu, miungu imo. Emelye mwenyewe alikuwa amemwomba mungu wa kike Diana asiolewe na yeyote, na ombi lake halikufika popote.

Zamu inayofuata ni ya mtawa, lakini mwenye kinu cha kusagia, aliyelewa hata kukaa juu ya farasi ni taabu, anaapa kwamba atasema yeye. Ukisikiliza vizuri utagundua mifupa ni ileile: wanaume wawili, mwanamke mmoja. Ila sasa tuko Oxford, nyumbani kwa seremala mzee mwenye mke wa miaka 18. Mwanafunzi mpangaji anamdanganya mzee kwamba nyota zimeonyesha gharika itakayoizidi ile ya Nuhu, basi watundike mapipa matatu darini walale humo. Mzee akikoroma ndani ya pipa lake, mwanafunzi na mke wanateremka kimya kimya. Usiku huo karani wa kanisa anakuja dirishani kuomba busu, gizani anabusu makalio ya mke, anarudi na chuma cha moto kutoka kwa mhunzi, na safari hii makalio yaliyotolewa dirishani ni ya mwanafunzi. Anaungua, anapiga kelele "Maji!" Mzee juu anasikia neno moja tu, anajua gharika imefika, anakata kamba, anaporomoka na kuvunjika mkono. Ukikisoma kisa hiki peke yake ni uchafu wa kuchekesha. Ukikisoma mara baada ya cha naiti, ni swali: yale mapenzi ya mnarani yalikuwa na tofauti gani hasa na haya? Kwa hiyo usirukeruke. Soma hivi viwili pamoja, na ukiweza ongeza cha nokoa, aliyejifunza useremala ujanani, akachukia kumsikia seremala akidhalilishwa, akalipiza kwa kisa cha mwenye kinu aliyeaibishwa.

Aina nyingine utazizoea njiani. Maisha ya watakatifu hayana mashaka wala hayajaribu kuwa nayo: mtakatifu Cecilia, ambaye kisa chake kimo humo, hatatetereka, na hadithi inataka ushangae uthabiti wake, usingoje kuona kama atashindwa. Visa vya mahubiri huwa na funzo wazi, lakini tazama nani anayehubiri. Muuza misamaha ya dhambi wa Chaucer anakiri waziwazi kwamba mifupa yake mitakatifu ni ya nguruwe na kwamba anahubiri dhidi ya tamaa ili ajaze mfuko wake, kisha anasimulia kwa ustadi kisa cha walevi watatu wanaomsaka Mauti wamuue, wakakuta dhahabu chini ya mti na kumalizana wenyewe. Kisa kama hicho kimo pia katika hadithi za kale za Kibudha za India.

Jiandae vilevile kukutana na chuki. Kisa cha mkuu wa watawa wa kike kinawasingizia Wayahudi mauaji ya mtoto, kwa sauti tamu ya sala. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, takriban karne moja kabla ya Chaucer kuandika haya, kwa hiyo wasikilizaji wake walimchukia jirani ambaye hawakuwa naye. Wapo wanaosema Chaucer anamkejeli msimulizi. Mimi sijashawishika, na sioni sababu ya kumtafutia utetezi.

Ukiwa na nafasi ya kitabu cha pili, chukua shairi la Sir Gawain na yule naiti wa kijani. Mtunzi wake hajulikani, na nakala yake ya kale ni moja tu duniani, iliyoponea moto wa mwaka 1731 uliounguza kingo za Beowulf. Sisi tuliozoea vina vya mwisho tutahitaji sikio jingine, maana hapa ufundi uko mwanzoni mwa maneno, sauti moja ikirudiwarudiwa ndani ya mstari. Kisa kinasimama juu ya ahadi. Gawain, naiti wa mfalme Arthur, anamkata kichwa mgeni wa kijani, mgeni anakiokota na kumwalika aje apokee pigo lake baada ya mwaka mmoja. Anakwenda, na katika kasri njiani anaahidi pia kubadilishana na mwenyeji wake kila watakachopata mchana. Anazirudisha busu zote alizopewa na mke wa mwenyeji, ila anaficha mshipi wa kijani unaosemekana kumlinda mvaaji asiuawe. Kwa hilo tu anachanjwa shingoni. Yeye anaona aibu isiyofutika. Ikulu ya Arthur inacheka na kuvaa mishipi kama ule. Nani yuko sahihi, shairi halisemi.

Usishangae pia baadhi ya visa vya Canterbury kukatika. Chaucer hakukamilisha mpango wake: viko 24, na cha mpishi kinaishia njiani kabla hakijakolea.

Mahali pa kuanzia? Kwa kisa cha jogoo Chauntecleer, kimo humohumo katika Canterbury. Ameota mnyama mwekundu akimnyemelea. Kweli mbweha anakuja, anamsifia sauti, jogoo anafumba macho awike, anakamatwa shingo. Aliyekulia na hadithi za sungura ataona mwisho ukija kabla ya mbweha kuuona. Ila kabla ya mbweha kufika utamkuta kuku akimnukuu Cato, mwenye hekima wa Roma ya kale, kumthibitishia mumewe kwamba ndoto si kitu, na kumshauri anywe dawa ya kuharisha. Hapo cheka.