Somo: Kusali katika siku isiyo na nafasi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Somo hili limetokana na dada mmoja wa ushirika wetu. Jumatano, tukikunja viti, alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya mtu anayekiri deni: "Mama, nimeokoka mwaka wa nane huu, lakini nikipiga magoti, dakika tatu hazipiti nimeishiwa maneno. Nabaki kuwaza unga, karo, na yule mwenye nyumba. Mimi ni Mkristo kweli?"

Nilicheka, wala si kwa kumdharau. Mimi mwenyewe niliwahi kujiwekea saa nzima kila usiku, kwa kuwa mhubiri mmoja alitupigia hesabu kwamba asiyempa Mungu saa moja kati ya ishirini na nne ni mwizi. Nikaanza kwa nguvu. Sasa, sisi tunakaa nyumba ya vyumba vya mstari, ukuta tumeshirikiana na jirani na juu ni mabati. Usiku wa nne, saa sita hivi, ukuta ukagongwa. Jirani yangu ni mama wa Kiislamu, tumekaa pamoja miaka kumi na mmoja. "Jirani," akasema, "Mola ameshasikia. Sasa nasi tulale."

Usiku wa tano sikuamka. Baada ya hapo nilikaa karibu mwaka mzima bila kusali peke yangu, kwa aibu tu. Kanisani nilikuwa nakwenda, kuimba naimba.

Kwa hiyo hatua ninazotoa hapa ni za mtu mwenye shughuli zake. Mimi ni fundi cherehani, hapa Mombasa, nakaa Likoni na kibanda changu kiko Mwembe Tayari, ng'ambo ya feri. Kile chumba cha ndani ambacho Yesu alisema tuingie kusali (Mathayo 6:6) sina. Nina pazia.

Hatua ya kwanza: ifunge sala kwenye kitu ambacho kipo tayari

Usiseme "nitasali asubuhi." Asubuhi huwa na watoto, maji yaliyokatika na kiatu kimoja kisichoonekana. Tafuta jambo ambalo utalifanya upende usipende, uifunge sala hapo kama mbuzi kwenye mti: kuinjika chai, kufungua kufuli la duka, kungoja tuktuk ijae. Danieli alikuwa na madirisha yake na nyakati zake tatu kwa siku (Danieli 6:10), na amri ya kumkataza ilipotoka hakubuni utaratibu mpya. Alipanda kwenye madirisha yale yale. Hata hapa kwetu, watumwa waliokombolewa, ambao wamisionari waliwapa makao Frere Town mwaka 1875, walikuwa na kengele yao. Ukishuka stejini Kengeleni leo, jina hilo limetoka hapo.

Kengele yangu mimi ni adhana, na sioni haya kulisema. Muadhini akianza alfajiri, nasikia jirani anafungua mfereji kutia udhu, nami nakaa kitako kitandani. Yeye ana sala yake na mimi yangu, ila aliyetuamsha ni mmoja.

Hatua ya pili: neno la kwanza liwe la kweli

Wengi wetu tukifumba macho tunaazima sauti ya mchungaji. Tunaanza na Mungu wa majeshi, mwenye kumiliki mbingu na nchi, huku kifuani mna kodi ya nyumba. Basi anza na kodi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana, hata lini atanisahau. Na yule mtoza ushuru wa Luka 18, sala yake katika Biblia yetu haifiki maneno kumi, tena ndiye aliyeshuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki. Kwa hiyo dada yangu wa dakika tatu, umemzidi mbali.

Hatua ya tatu: ipite Sala ya Bwana kwa miguu

Tunaisema kama matatu inayowahi abiria wa mwisho wa Bamburi. Jaribu kuchukua mstari mmoja tu kwa siku, ukae nao.

Mimi uliokaa nami sana ni "Utupe leo riziki yetu." Riziki ni neno la mji huu mzima. Muuza kahawa analitaja, mvuvi analitaja, kibarua anayesimama nje ya geti la ghala Shimanzi tangu alfajiri analitaja, na huyo kibarua nadhani anaielewa "leo" kuliko mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini lililonichoma ni "yetu."

Nashona sare za shule, Januari ndiyo mavuno yangu. Vibanda viwili kutoka kwangu yuko fundi mwingine, na kwa miaka nilikuwa nikiomba Januari wateja wote waje kwangu. Sikulitamka hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mmoja, wiki hiyo hiyo niliyokuwa na mstari huo, akaja mzazi na agizo la sare thelathini za siku nne. Nilijua siziwezi. Desturi yangu ingekuwa kusema ndiyo, kisha kumzungusha na "njoo kesho." Nikachukua kumi na tano, zilizobaki nikapeleka kitambaa chake kwa yule fundi wa pili. Sisemi nilifurahi. Nilikuwa nasikia cherehani yake ikilia mchana kutwa na kila mshono ulikuwa unanigusa mfukoni. Ila jioni, nilipofika kwenye neno "yetu," kwa mara ya kwanza sikulirukia.

Hatua ya nne: njiani, macho wazi

Mfalme Artashasta alimwuliza Nehemia anataka nini. Kati ya swali na jibu, Nehemia akamwomba Mungu wa mbinguni (Nehemia 2:4). Hakupiga goti, wala haisemwi kwamba mfalme aligundua kitu. Hiyo ndiyo sala ya feri.

Wanaovuka Likoni wanaijua ile dakika geti linapofunguliwa: umati unateremka kama maji, hamali na mkokoteni wake anapiga kelele "miguu! miguu!", harufu ya dizeli, mtu anakukanyaga na hasemi samahani. Hapo huwezi kufumba macho. Bwana mwenyewe alisema tukeshe na tuombe, na mimi naongeza: na simu uishike. Ninachofanya ni kuchagua mtu mmoja mbele yangu. Huyo hamali. Msichana wa shule ambaye upindo wa sketi yake naona kabisa si wangu, umeshonwa haraka. Mzee mwenye faili la hospitali kwapani. Namwombea mstari mmoja, basi, tunafika ng'ambo.

Na si kujipitishia wakati. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Nasi wa upande wa kusini tunapanda feri asubuhi na jioni kwa sababu kazi iko kisiwani. Mtu aliyesimama karibu nawe kwenye feri si mgeni sana.

Hatua ya tano: usiku

Taja jambo moja la kushukuru na moja la kuomba msamaha, kwa jina lake. Usiseme "makosa yangu yote," hiyo ni njia ya kutotaja hata moja. Ukisinzia katikati, sinzia.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana, Changamwe: Mama, shikamoo. Mimi nafanya shifti bandarini, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Hiyo sala niifunge wapi?

Marahaba mwanangu. Kuna kitu lazima ukivae kabla hawajakuruhusu kuingia, sivyo? Lile jaketi la kung'aa. Ifunge kwenye zipu. Ukiivuta juu, "Bwana, nilinde mimi na hawa ninaofanya nao kazi." Ukiivuta chini, asante.

Dada, Kisauni: Kuna mtumishi anasema majina yetu yataombewa madhabahuni, lakini tutume sadaka kwanza kwa simu. Nikisali mwenyewe haitoshi?

Inatosha. Yesu alipokufa, pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini (Mathayo 27:51), njia ya kumfikia Mungu ikawa wazi, na sijasoma popote kwamba aliwekwa makanga pale mlangoni akusanye nauli. Kuombewa na wenzako ni jambo jema sana, Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Waitwe, waje, wamwombee. Bei haikuandikwa. Sadaka toa kanisani kwako kwa moyo wako, lakini usiilipe kama kiingilio.

Kaka, Bamburi: Lazima magoti?

Hapana. Yangu yenyewe yanauma.

Mama, Mikindani: Nilimwombea mume wangu miezi saba. Tulifunga, tulikesha, akafa. Sasa nikifumba macho sioni wa kumwambia. Naona nimedanganywa.

Pole sana dada yangu. Nimeandika jibu lako mara tatu na kulifuta.

Sitakwambia kwa nini, maana sijui, na wanaokwambia hawajui pia. Ninachojua ni kwamba wewe si wa kwanza kwenye pwani hii. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 kuleta Injili, na mwaka huo huo, Julai, mke wake Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akafa. Kaburi la huyo mama liko upande wa Nyali. Siwezi kuamini kwamba mtu yule hakuwaombea. Sikuletei habari yake ili uone yako ni ndogo, nakuletea ujue una mwenzako.

Kwa sasa usifumbe macho kama kufumba kunaumiza. Fungua Zaburi ya 88 uisome kwa sauti. Hiyo haimalizi kwa shukrani kama nyingine, inaishia gizani pale pale ilipokuwa, na bado imo ndani ya Biblia, hakuna aliyeitoa. Hata ukisema "nimedanganywa," mwambie Yeye, usiniambie mimi tu. Na siku usipoweza kutamka kitu, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Waachie wengine kazi hiyo kwa muda. Jumamosi nikifunga kibanda nitapanda matatu nije. Hatutasali kama hutaki. Nitakuja na mahamri.

Dada, Likoni: Mama, ni mimi yule wa Jumatano. Nimeifunga sala kwenye kuinjika chai kama ulivyosema. Leo nikafumba macho, maziwa yakafoka yote, jiko limezimika.

Rudi hatua ya nne: macho wazi! Pole na maziwa. Ulikuwa umefika wapi?

Dada, Likoni: Kwa mwenye nyumba. Nilikuwa namwombea.