Somo: Hatua za matibabu ya mguu kifundo kwa mzazi anayeanza (Kigoma)

Wazazi wapya huniuliza mambo yaleyale karibu kila wiki, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Binti yangu alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopindia ndani, akatibiwa miguu yote miwili.

Hatua ya 1. Mpelekeni mtoto hospitali akiwa na wiki chache tu. Mlio mjini anzieni Maweni, hospitali ya mkoa, mlio Kasulu au Kibondo anzieni hospitali ya wilaya, mkaulizie siku ya kliniki.

Hatua ya 2. Majirani waacheni waseme. Mguu kifundo hauletwi na kupatwa kwa mwezi wala na mkono wa mtu, na kukanda kwa mawese hakuunyooshi.

Hatua ya 3. Hogo, yaani plasta ngumu. Njia inayotumika ni ile ya Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani: mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, hufungwa hogo kuanzia vidoleni hadi pajani goti likiwa limekunjwa, kisha hogo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane. Kila siku tazameni vidole. Vikivimba, vikipoa, vikibadilika rangi au vikizama ndani ya hogo, rudini siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu.

Hatua ya 5. Viatu vya chuma. Hogo la mwisho likitolewa mguu huonekana umenyooka, ndugu hupiga vigelegele, na hapo ndipo familia nyingi hulegea, ilhali kilichoupinda mguu bado kimo mwilini na kitaupinda tena usipozuiwa. Viatu hivyo viwili vilivyounganishwa kwa chuma huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Atalia siku za mwanzo; ukimvua kila anapolia, atajua kwamba kilio ndicho kinachovua viatu. Mvalishe soksi ya pamba, hakikisha kisigino kimegusa soli, kaza mkanda wa katikati, ndipo ufunge kamba. Usipake mafuta wala poda. Akitoka malengelenge usilegeze, kwa sababu mara nyingi huletwa na kisigino kinachochezacheza ndani ya kiatu. Mwoneshe mhudumu mapema.

MASWALI

Mzazi wa Ujiji: Viatu atavaa mpaka lini?
Jibu: Hatua ya 5. Tafadhali soma kwanza.

Baba wa Uvinza: Wangu anatembea vizuri, ana mwaka na nusu, tumeviacha. Kwani kuna ubaya gani?
Jibu: Upo, na nimeueleza kwa aya nzima. Sisemi hivi kukutisha, ndugu yangu. Mrudishe kliniki wiki hii wapime kama mguu umeanza kupinda, na usimvalishe vile vya zamani kabla hawajaviangalia, maana huenda vimekuwa vidogo.

Mama wa Kasulu: Kano ikikatwa, mtoto atakanyagaje baadaye? Na kwa nini wasiendelee kunyoosha tu?
Jibu: Umeuliza vyema, mama. Kano ya mtoto mchanga hujiunga yenyewe katika wiki zile tatu, ikiwa ndefu kuliko mwanzo, ndiyo maana hogo lile la mwisho halibadilishwi kila wiki. Kabla ya hapo ni fupi na inavuta kisigino juu. Mtu akilazimisha kuusukuma unyayo uende juu bila kuikata, kisigino hubaki juu na unyayo hukunjikia katikati, ukatokeza chini kama tumbo la mtumbwi. Ukifika kliniki mwombe mhudumu akuoneshe kisigino kabla na baada. Utaielewa tofauti kwa macho yako.

Mama wa Kasulu: Ahsante sana. Na kuoga je, hogo likiwepo?
Jibu: Mpanguse kwa kitambaa kibichi, maji yasifike kwenye hogo. Mkisafiri kwa bodaboda wakati wa mvua lifunikeni kwa mfuko wa plastiki, na mkifika mwondoe mfuko ili jasho lisiloweshe ndani.

Mzazi wa Kibirizi: Nyongeza kuhusu viatu: chuma kizungushieni kitambaa kinene, kwani mtoto hukirusha usingizini kikamgonga anayelala naye, na pia hutoboa chandarua.
Jibu: Kweli kabisa. Sisi tulitumia kipande cha kitenge kilichochakaa, tukakishona ili kisifunguke.