Njia ya zamani na njia mpya: jinsi ya kuunganisha reli za treni za mfano

Reli zangu za kwanza nilizitoa kwenye rundo la midoli ya mtumba pale Karume: vipande arobaini na kitu, vimefungwa kwa mpira, vingine vimeshika kutu. Baadaye shemeji aliniletea boksi la reli mpya kutoka Uingereza. Nikapima upana kati ya reli mbili, milimita 16.5 kwa zote, nikazichomeka. Kichwa cha treni kilipofika kwenye kiungio cha kwanza kikaruka njia.

Mzee wangu alikuwa fundi njia TAZARA. Alivuta kigoda, akapitisha ukucha juu ya kile kiungio. “Upana umepima, mwanangu. Kimo je?”

Hapo ndipo pa kuanzia. Kimo cha reli za mfano hutajwa kwa namba ambazo ni sehemu za elfu za inchi. Namba 100 ni milimita 2.54, namba 83 ni milimita 2.1, namba 75 ni milimita 1.9. Reli za kawaida za Hornby, kampuni ya Uingereza ya treni za mfano, za siku hizi ni namba 100. Peco, watengenezaji wengine wa reli, wanatengeneza 100, 83 na 75, kwa hiyo jina la kampuni kwenye boksi halitoshi kukwambia chochote. Pima kila kipande kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Kama huna, simamisha vipande viwili kichwa kwa kichwa kwenye kioo uvitazame kwa usawa wa macho. Zile za Tri-ang za miaka ya 1960, Super 4, zina reli nzito zaidi na zilitengenezewa kipande maalumu cha kuziunganisha na mfumo uliofuata. Ukikipata kwenye mtumba, kihifadhi vizuri.

Pili, chukua sumaku ya spika mbovu. Reli inayonaswa ni chuma, isiyonaswa ni nikeli-silva (jina tu, ndani ni shaba, nikeli na zinki) au shaba ya njano. Mimi nakaa Mtoni, upepo wa bahari unaingia hadi kabatini, na chuma hapa hakidumu. Reli za chuma nilizisafisha kwa spiriti na kitambaa mara tatu, kutu ikarudi. Sasa naziweka kwenye njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa tu. Msasa mkali usiutumie kabisa, maana mikwaruzo yake ndiyo inayokamata uchafu.

Sasa kuunganisha namba 100 na 75, kazi ninayoulizwa kuliko zote. Chukua kiungio cha namba 100, kile kibati kidogo kinachoshika miguu ya reli. Kichomeke nusu kwenye reli ya kimo kirefu, yaani namba 100. Nusu iliyobaki ibane kwa plaizi mpaka ilale bapa kama ulimi. Reli ya kimo kifupi, namba 75, inakaa juu ya huo ulimi, haiingii ndani yake. Halafu inua mataruma, vile vipande vya kukalia reli, ya upande wa namba 75. Tofauti ni milimita 0.6 na kidogo, na ulimi wenyewe umeshachukua sehemu yake, kwa hiyo mimi nakata kadi za vocha zilizotumika, naongeza moja moja chini ya mataruma huku nikipitisha ukucha juu. Ukucha usipokwama, simama hapo. Usawazishe na ukingo wa ndani pia, kwa sababu gurudumu linapanda kwa ubavu vilevile. Ndipo ulehemu: pasi ya kulehemu iwe ya moto kweli, gusa sekunde mbili tatu, toa. Ukiing'ang'aniza, mataruma ya plastiki yanayeyuka na reli inapoteza upana. Acha mteremko wa kadi uishe taratibu, kwa urefu wa kiganja, usikatike ghafla.

Usilehemu kila kiungio. Chini ya bati la Dar saa nane mchana reli inatanuka, na isipopata nafasi inajikunja kama upinde. Viungio vingine viachie mwanya wa unene wa karatasi ngumu.

Umeme usiutegemee kwenye viungio. Kibati cha zamani kimelegea, kipya kinabana, na kati yao volti zinapotea. Lehemu waya kwenye kila kipande kirefu, mwekundu reli ya kushoto, mweusi ya kulia, zote zishuke chini ya plaiwudi. Vipimo vyote vikiwa sawa na treni bado inasuasua, shida iko hapa.

Pointi, yaani vipande vya kuchepusha treni kwenda njia nyingine, zina hesabu yake. Za seti za Hornby zinachepuka kwa nyuzi 22.5 na njia mbili zinalala sambamba kwa milimita 67. Za Peco Streamline za namba 100 na 75 zinachepuka kwa nyuzi 12, na nafasi ni takriban milimita 51. Usichanganye pointi mbili za aina tofauti kwenye kuvuka kumoja, hazitakutana.

Magurudumu nayo yaangalie. Treni za zamani zina kingo ndefu, na kwenye reli namba 75 zinagonga vishikizo vya plastiki, taktaktak njia nzima. Kama unazipenda treni za zamani kama mimi, baki na namba 100. Na kichwa cha Märklin, kampuni ya Ujerumani, cha reli tatu usikiweke kwenye reli mbili kabla ya kupima magurudumu kwa mita ya umeme: yakiwa yameunganika kwa umeme, utapiga shoti.

Mzee anapenda kusimulia Kidatu, ambako reli ya TAZARA ya milimita 1067 inakutana na ile ya mita moja, na mizigo inahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ya kwetu ni nafuu. Milimita 16.5 ukizidisha kwa 87 unapata ile 1435 ya SGR, hivyo mfano wa SGR kwa kipimo cha 1:87 unakaa sawasawa hata kwenye reli za mtumba.

Ukimaliza, usiwashe umeme. Sukuma behewa moja tupu kwa kidole, polepole, umefumba macho. Mahali litakapogonga, weka alama ya chaki, kisha rudi na tupa au kadi nyingine ya vocha.