Molekuli kali haitoshi, angalia na inavyolala

Nyie mnaosoma kemia hapa Kigoma, kama mnatafuta fuwele ya kugeuza leza isiyoonekana iwe mwanga wa kijani (urefu wa wimbi unakatwa nusu), kabla hujahangaika na leza cheki kwanza molekuli zimejipangaje kwenye fuwele. Paranitroanilini kwenye karatasi ni moto, amino inasukuma elektroni upande huu, nitro inavuta kule, pete ya benzini katikati ndo daraja, ila kwenye fuwele zinalala mzungu wa nne kama watoto kitanda kimoja, mvuto wa moja unafuta wa mwenzake, ukiipiga leza ya nanomita 1064 hupati kijani ya 532 ng'o. Weka methili (CH3) moja tu pembeni ya amino, mpangilio unavunjika, kijani hiyoo. Na usirefushe daraja ovyo (mi nilichoraga marefu Ujiji nikajiona mjanja), molekuli itaanza kumeza hiyo kijani yenyewe.