Kuzuru Magofu ya Gede na Ngome ya Fort Jesus: Uanzie Wapi?

Msafiri mwenye siku mbili katika pwani ya Kenya anaweza kuyaona magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, na ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa bila haraka, mradi aanze na Gede. Baadhi ya vyombo vilivyofukuliwa huko vimehifadhiwa katika makumbusho yaliyomo ngomeni, na bakuli la Kichina lililofungiwa kabatini humgusa zaidi mtu aliyekwisha kukanyaga sakafu za nyumba za wenyewe.

Kutoka Mombasa, panda matatu ya Malindi na ushuke Gede, kisha umalizie kwa miguu au kwa bodaboda. Fika asubuhi, ukiwa umevaa viatu vilivyofunika vidole kwa sababu mizizi imetapakaa njiani, na usishike chakula mkononi, maana kima wa pale hawaombi.

Tafuta kwanza kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Ukishaliona, utajua uko katika zama zipi. Kisha uende msikiti mkuu, uchungulie kisima chake, ndipo uingie nyumbani mwa watu. Wachimbuaji walioanza kazi mwaka 1948 chini ya mwanaakiolojia James Kirkman walizipa baadhi ya nyumba majina ya vitu walivyovikuta humo, na ndiyo sababu kuna Nyumba ya Mkasi. Humo usipite mbio: angalia zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vyoo, na jinsi chokaa ilivyoshikamana na mawe ya matumbawe. Mwongozaji ni wa lazima, kwa maoni yangu, kwani kuta hizo hazijielezi.

Siku ya pili ni ya ngome, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Wengi hukimbilia kupiga picha na mizinga. Wewe panda juu ukutani kwanza, utazame mlango wa bahari ambao mizinga hiyo iliulinda. Waomani waliizingira ngome kuanzia 1696 hadi walipoiteka mwaka 1698, na meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyokuja kuiokoa, ilizama mbele yake mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa kutoka meli hiyo vimo makumbushoni. Vitazame kwa utulivu, kisha uende penye vyombo vya udongo na kauri, utafute kibandiko kilichoandikwa jina la Gede.