Kumtafuta bibi wa Kiskoti: anza na cheti cha kifo

Wengi wakianza kutafuta bibi wa Kiskoti wanakimbilia cheti cha kuzaliwa, alafu wanakwama maana wenye jina lile wako kibao. We anza na kifo. Mwanamke wa Scotland akiolewa jina la kwao halifutwi, kwa hiyo kwenye vifo unaweza kumpata kwa jina la baba yake au la mume.

Hatua ya 1. Ingia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Scotland ya kumbukumbu za ukoo, kujiunga ni bure na kutafuta majina ni bure, unalipa ukitaka kufungua picha ya cheti. Vyeti vinaanza Januari 1855. Cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la kwao kabisa, ila angalia nani alitoa taarifa, kama ni mkwe au jirani usiamini kila kitu.

Mimi nilikuwa namtafutia jirani yangu hapa Dundee bibi wa bibi yake, mfanyakazi wa kiwanda cha juti (nyuzi za magunia), na kwenye cheti chake jina la mama lipo, la baba pako wazi. Nikaliandika pembeni nikaendelea.

Hatua ya 2. Fungua vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, vinataja tarehe na mahali wazazi walipooana (isipokuwa 1856 hadi 1860). Cha mtoto wa bibi huyu, pa mama kusaini pana X na maneno kwamba hiyo ni alama yake. Niliiangalia ile X muda mrefu sana, maana ndo mkono wake mwenyewe ule, kitu pekee alichotuachia.

Hatua ya 3. Sensa, kila miaka 10 kuanzia 1841. Ile ya 1841 watu wazima walipunguziwa umri hadi tano ya karibu, yaani wa 34 anaandikwa 30, usishtuke.

Hatua ya 4. Kabla ya 1855 unaenda vitabu vya ubatizo vya parokia, na kama baba hayupo usiishie hapo, soma kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, kuzisoma mtandaoni hulipi. Binti akizaa nje ya ndoa aliitwa mbele ya wazee akaulizwa baba ni nani, karani akaandika. Mwandiko unachosha macho, soma ukurasa kwa ukurasa kuanzia miezi kadhaa kabla ya mtoto kuzaliwa. Baba wa yule bibi nilimkuta humo, mstari mmoja, kibarua wa shamba la jirani, na amekubali mtoto ni wake.