Kufunga gesi kwenye Hiace ya kulala

Magari ya kulala yanayopita mikononi mwangu hapa Tanga ni Hiace na Noah zilizotolewa viti vya nyuma, zikawekwa kitanda na jiko la plate mbili. Kitanda kila mtu anakiweza. Tatizo ni gesi. Kabla hujashika spana, jua kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Humo mna gesi mbili: propeni, nzito mara moja na nusu ya hewa, na buteni, mara mbili. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Inateremka, inatambaa sakafuni, inatuama chini ya kitanda kama maji kwenye beseni.

Hatua ya 1: Kasha la mtungi

Mtungi wa kilo 6 unatosha. Wa kilo 15 uachie Coaster. Tengeneza kasha la bati lenye mlango unaofungukia nje ya gari, na upande wa ndani uzibwe kabisa. Kisha toboa sakafu ya kasha, tundu lisilopungua sentimita 10 kwa 10, litokee chini ya gari mbali na ekzosi. Weka wavu kuzuia panya, na usiruhusu mtu aweke boksi juu yake.

Mteja mmoja aliniletea gari lenye matundu mazuri kweli, yote karibu na dari. "Fundi, si moshi unapanda?" Moshi unapanda, ndiyo. Gesi siyo moshi.

Simamisha mtungi wima, uufunge kwa mikanda miwili. Mtungi ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza presha, na moto unaruka jikoni.

Hatua ya 2: Regulata na mpira

Vichwa vya mitungi havifanani, kwa hiyo chagua aina utakayoipata hata Pangani na Lushoto, ndipo ununue regulata yake. Gari likitoka Ulaya, regulata yake mara nyingi haikai kwenye mitungi yetu. Soma kibao cha jiko: mengi yanataka presha ya milibari 30. Regulata ya presha kubwa, ya yale majiko ya kupikia shughuli, usiifunge humu hata ukipewa bure.

Mpira uwe mfupi, kutoka regulata hadi bomba la shaba tu, na ubanwe kwa klipu pande zote. Bomba likipita kwenye bati, livalishe mpira wa kukinga. Mimi mwenyewe niliwahi kupuuza hilo kwenye gari langu. Mtikisiko wa barabara ya vumbi ukasugua mpira wa gesi kwenye ncha ya bati hadi nyuzi zikaonekana.

Hatua ya 3: Kupima uvujaji

Zima jiko, fungua mtungi. Koroga sabuni ya maji hadi itoe povu, pakaa kila kiungo kwa brashi ya rangi, kisha tulia uangalie. Panapovuja, vipovu vinaota kimoja kimoja, vinavimba na kupasuka, kama kaa anapotoa povu mdomoni. Kiberiti kiache mfukoni. Rudia kila unapobadilisha mtungi.

Hatua ya 4: Kujua kilichobaki

Kuutikisa mtungi ni kubahatisha. Tumia mzani wa kuning'iniza, kama wa wauza samaki. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa shingoni. Wangu ni 7.4. Nikipima nikapata 9.9, nina kilo 2.5. Kwa chai, wali na mchuzi vya watu wawili natumia gramu 200 hivi kwa siku, yaani siku 12.

Hatua ya 5: Barabarani

Funga kwenye mtungi, siyo kwenye jiko peke yake, kabla ya kuondoka, kabla ya kuingia sheli na kabla ya kupanda kivuko cha Pangani. Lushoto baridi ya Julai itakushawishi uwashe jiko mlale mkiota moto. Usithubutu: hewa ya sumu inayotoka haina harufu, na mtu hupotelea usingizini. Jifunikeni blanketi.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Toa watu, funga mtungi, fungua milango yote, uiache ipepewe na upepo.

Na huku pwani chumvi inakula chuma. Ukienda kubadilisha mtungi, uinamishe upapase kitako chake. Ukibanduka magamba ya kutu, mwambie muuzaji akupe mwingine.